Kuteleza si Kuanguka: Mwongozo wa Paladini Mjanja

Umeamua kucheza paladini. Vizuri sana. Sogea karibu tuongee kabla wenzako hawajaketi. Wao wamechukua mwizi, mchawi na mpiga mishale wa msituni, watu wasiodaiwa na yeyote. Wewe umechukua askari mtakatifu aliyekula kiapo: hasemi uongo, haui mateka, hampigi mtu kisogoni, hampiti mwenye shida njiani. Kila jicho litakuwa kwako. Nusu ya meza inaogopa kwamba utawaharibia mchezo, na mwendesha mchezo, yule anayesimulia dunia yenu na kuamua kanuni, ameshakuandalia mtego. Mimi niko upande wako. Nitakuonyesha pa kupenyea, pa kukazia uzi na, siku ikifika, namna ya kuvunja kiapo hicho hadi mezani pasisikike hata anayetafuna karanga.

1. Ujue ukoo wako

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Paladini aliingia mwaka uliofuata, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Hakuzuka hivihivi. Gygax aliitaja riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, katika orodha ya vitabu vilivyomwathiri, na humo mna mhandisi wa Denmark anayejikuta katika ulimwengu wa mazimwi na wachawi, kumbe yeye ni mmoja wa mashujaa wa Mfalme Karolo Mkuu. Nyuma ya riwaya hiyo zipo tenzi za kale za Ufaransa, na yupo Roland, shujaa mwingine wa Karolo, aliyeuawa kwenye njia ya milima ya Roncevaux mwaka 778. Utenzi unasimulia kwamba alikuwa na baragumu la kuitia msaada, akakataa kulipuliza kwa fahari yake. Alipokuja kulipuliza, jeshi lake lilikuwa limekwisha.

Nakueleza hayo ili usijionee aibu. Unataka kupendeza. Unataka kuingia kijijini deraya ikimetameta na watoto wakikimbia nyuma ya farasi wako. Majivuno hayo yamo katika damu ya paladini tangu Roland, nayo ni mtaji. Mtu anayetaka kuonekana mwema hulazimika kutenda wema mara kwa mara, na mezani hiyo inatosha kuanzia.

Zamani kuingia kwenye ukoo huu kulikuwa kazi. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilitaka haiba isiyopungua 17. Rusha dadu tatu uone: kati ya matokeo 216 yanayowezekana, manne tu ndiyo yanafika huko. Tena ilikuwa lazima uwe binadamu. Toleo la mwaka 2000 liliondoa masharti yote mawili. Mlango uko wazi, ingia.

2. Chagua kiapo kipana

Toleo la mwaka 2014 lilileta viapo vitatu katika kitabu cha wachezaji, na hulazimiki kula hata kimoja mpaka ufike ngazi ya 3. Ngazi mbili za mwanzo ni uchumba. Zitumie kuupima moyo wako, na zaidi kumpima mwendesha mchezo: ana huruma, au ni mtu wa kuvizia?

Kiapo cha Uchaji ndicho cha kijadi. Kinadai ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu, na kinakataza uongo waziwazi. Kiapo cha Wakale kinakutaka ulinde nuru, matumaini na uzuri wa dunia, na hakina neno hata moja juu ya uongo. Isome tena sentensi hiyo. Paladini wa Wakale anaweza kumdanganya mlinzi wa lango asubuhi, kumficha mkimbizi mchana na kucheza ngoma usiku, kiapo chake kikiwa kizima kabisa. Kama hujui utaishi vipi na mwizi wa kundi lenu, njia ya mkato ni hiyo, na ni halali.

Kiapo cha Kisasi ukiepuke mara ya kwanza. Kinaruhusu karibu kila njia ilimradi adui mkubwa aangamie, na mchezaji mgeni hukigeuza kibali cha ukatili. Raha ya paladini iko katika kule kubanwa. Ukiondoa kinachobana, unabaki na mpiganaji wa kawaida mwenye vyombo vya bei.

Ukicheza Pathfinder, mchezo wa aina hiyohiyo, toleo la pili la mwaka 2019 limekurahisishia mambo. Masharti yake yamepangwa kwa uzito: kutomdhuru asiye na hatia, wala kumwacha adhurike mbele yako ilhali una uwezo wa kuzuia, kumewekwa juu ya kusema kweli na juu ya kutii sheria za nchi. Ukimdanganya askari wa mfalme ili kumwokoa mtoto, hujavunja kitu. Ukariri mpangilio huo kuliko unavyokariri silaha zako.

3. Malizana na mwendesha mchezo mapema

Mpate peke yake kabla ya kikao cha kwanza. Muulize maswali mawili tu. Ni kitu gani hasa kitakachonivunjia kiapo? Na nikikaribia kukivunja, utanionya? La pili ndilo muhimu. Mhusika wako amelelewa hekaluni, anajua dhambi ni ipi kuliko wewe unayejua kanuni kwa kusoma jana usiku. Mwendesha mchezo akikubali kukuambia, "Mhusika wako anahisi jambo hili si sawa," umejipatia kengele ya bure kwa muda wote wa mchezo.

Mtego wa kwanza utakaokutana nao naweza kukutajia hata sasa, kwa kuwa ni wa miaka mingi na kila mtu anafikiri ameubuni yeye. Mmewamaliza magoblini waliokuwa wakivamia kijiji. Pangoni, nyuma ya ngozi zilizotundikwa, wamo watoto wao. Ukiwaua, umeua wasio na hatia. Ukiwaacha, watakufa njaa, au watakua na kurudi kijijini na mapanga. Mwendesha mchezo ameegemea kiti, anakungoja.

Usichague mlango wowote kati ya hiyo miwili. Waambie wenzako: "Tunawachukua." Kisha lipa. Toa chakula chako, punguza mwendo wa safari, tumia dhahabu yako kuwatafutia hekalu litakalowapokea. Gharama ndiyo inayokuokoa. Mwendesha mchezo hawezi kukuangusha kwa wema uliokugharimu mbele ya watu wote, na zaidi ya hapo umemwachia kazi: sasa yeye ndiye wa kutafuta majina ya watoto saba wa goblini na sauti ya kila mmoja.

4. Sema kweli kama mtu mwenye haraka

Paladini wa Uchaji haruhusiwi kudanganya, lakini hakuna aliyemwamuru atoe hotuba. Mlinzi wa lango anauliza, "Mnakwenda wapi, bwana?" Jibu: "Hekaluni, kusali." Ni kweli, na utasali. Kwamba chini ya hekalu kuna pango mnalokwenda kulivamia, hakuuliza. Akiuliza kama mna silaha, gonga upanga wako kiunoni na useme ndiyo. Watu wenye upanga unaoonekana hawapekuliwi visu.

Swali likikaza, nyamaza na umwache mwizi aongee. Hiyo ndiyo fani yake. Wewe tazama mbele. Usitabasamu, usimkonyeze mtu, na usitikise kichwa kuunga mkono, kwa sababu kichwa kilichotikiswa ni uongo uliosemwa. Na mkibanwa kabisa, ukakwama kati ya ukweli na uhai wa mtu, sema tu: "Sitakujibu." Neno hilo halijawahi kumvunjia paladini kiapo katika toleo lolote ninalolijua.

5. Mateka

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo paladini wengi hufia.

Mmemkamata mmoja wa maadui. Amefungwa kamba, anatetemeka, anajua mahali lilipo lango la siri. Mwizi anatoa kisu na kukutazama. Meza nzima inaijua njia ya mkato ya siku zote: paladini anasema, "Naenda kuchota maji," anatoka, anarudi baada ya nusu saa, mateka amekufa na lango limejulikana. Hakuna anayeuliza kitu.

Usiifanye. Katika ujanja wote ninaokufundisha leo, huu ndio ninaoukataza, na siukatazi kwa ajili ya miungu ya kubuni. Ulijua. Wenzako wanajua kwamba ulijua. Tangu siku hiyo kiapo chako kinakuwa pambo, nao wataacha kukitegemea na wataacha kukiogopa. Umepoteza nguvu kubwa kuliko zote ulizoandikiwa kwenye karatasi yako, yaani kwamba neno lako likitoka, mambo yanabadilika.

Fanya hivi badala yake. Adui anapotupa silaha chini, wahi wewe kusema kabla ya mtu mwingine: "Umejisalimisha kwangu. Uko chini ya dhamana yangu." Liseme kwa sauti, mchezo ukiendelea, dadu zikiwa bado mikononi. Sasa mateka ni wako. Mwizi akitaka kumkata kidole, lazima apite kwako, na yeye hataki hivyo. Kisha kaa chini na mateka. Mponye kidonda kwa kumwekea mikono. Mpe maji. Muulize alilipwa kiasi gani na nani alibaki nyumbani kwake. Waendesha mchezo wengi, ukimhudumia hivyo mtu waliyemtunga dakika mbili zilizopita, hulegea. Wanaanza kumpa jina. Akishapata jina atakuambia lilipo lango, na huenda akabaki nanyi kubeba mienge.

Ni njia ndefu? Ni ya dakika kumi. Ile ya kuchota maji inakuharibia miezi ijayo.

6. Usiwe polisi wa wenzako

Kanuni za mwaka 1978 zilimkataza paladini kuandamana na waovu, na wale wasio wema wala waovu aliruhusiwa kusafiri nao mara moja moja tu, tena kwa jambo jema. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa yule paladini anayechukiwa hadi leo: anayekagua mifuko ya mwizi, anayemhubiria mchawi, anayesimamisha mchezo kila baada ya dakika tano. Imeshafutwa. Usiirudishe kwa mkono wako.

Ukitaka kuona mwisho wa paladini wa namna hiyo, soma The Order of the Stick, hadithi ya katuni ya Rich Burlew iliyoanza mwaka 2003. Humo yumo Miko Miyazaki, hodari, mkakamavu, mwenye hakika kwamba miungu inaona kama anavyoona yeye. Hakika hiyo inampeleka hadi kumuua kwa upanga bwana aliyeapa kumtumikia, na nguvu zake zinamtoka papo hapo. Katika hadithi hiyohiyo yumo O-Chul, paladini mwingine. Anafungwa na maadui, anateswa, na akiwa kizuizini anakuwa rafiki wa zimwi lililokuwa upande wao. Hamhukumu mtu. Wasomaji humpenda O-Chul, na sababu ni hiyo.

Siri yenyewe ni ndogo: kiapo ulikula wewe. Mwizi akiiba, chako ni kuamua utakula mkate huo au hutakula. Kataa mkate, kaa na njaa, usiseme neno. Ukishakosa milo miwili hivi ataanza kukununulia chakula kwa pesa zake halali, na hutakuwa umempa hubiri hata moja.

Na pokea sifa usizostahili sana. Sheria ya 1978 ilimruhusu paladini vitu vya ajabu kumi tu: deraya moja, ngao moja, silaha nne na vinginevyo vinne. Ilimdai pia sehemu ya kumi ya mapato. Meza yenu ikiamua kufuata desturi hiyo ya zamani, usilalamike. Gawa vinavyozidi mbele ya kila mtu, kwa mkono wa kulia, ukimtazama unayempa usoni. Ulilazimika, ndiyo, lakini pete imepata kidole, na aliyepewa pete hatakuacha ufe.

7. Njia za mkato za vitani

Hizi nazipitia haraka, maana zinajieleza zenyewe.

Pigo takatifu katika kanuni za 2014 huamuliwa baada ya upanga kufika. Kwa hiyo ngoja. Ukipata 20 kamili, dadu za pigo huongezeka maradufu: zile mbili za pande nane unazopewa na nafasi ndogo kabisa ya miujiza zinakuwa nne, na adui akiwa maiti anayetembea zinakuwa sita. Toleo la 2024 limelibana pigo hilo, mara moja kwa zamu, hivyo uliza kwanza mnatumia kitabu kipi.

Kuwekea mikono unapewa pointi tano kwa kila ngazi. Usizimwage zote kwa mtu mmoja. Mwenzako aliyeanguka kwenye sifuri husimama kwa pointi moja tu. Paladini wa ngazi ya 4 ana pointi 20, yaani anaweza kuwainua watu ishirini. Utaonekana mtenda miujiza kwa bei ya pointi moja moja.

Ukifika ngazi ya 6, haiba yako huwaongezea wenzako kinga wakiwa ndani ya futi kumi kutoka kwako. Simama katikati. Mtu asiyekupenda naye atajisogeza.

8. Siku ya kuanguka

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kitabu cha 1978 kilikuwa na msimamo huohuo. Paladini akitenda jambo la kuvuruga utaratibu, aliungama kwa kuhani wa ngazi ya 7 au zaidi, akapewa kitubio, mambo yakaisha. Akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari yake, alibaki mpiganaji wa kawaida maisha yake yote, bila njia ya kurudi. Matoleo ya baadaye yalifungua njia hiyo kwa toba, na kwa asiyetubu kitabu cha waendesha mchezo cha 2014 kina paladini mvunja kiapo mwenye nguvu zake za giza. Katika mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, wa mwaka 2023, ukivunja kiapo anakutokea shujaa mwingine aliyewahi kuvunja chake na kukukaribisha upande huo.

Kwa hiyo kuteleza usikuogope. Ungama, lipa, endelea. Lakini ukiamua kuanguka, anguka kwa mpango.

Usiangukie kitu kidogo. Kiapo kisivunjike kwa kuku aliyeibwa. Ngoja mpaka mzani uwe na kitu unachokipenda upande mmoja na neno lako upande wa pili: maiti ya mdogo wako iko juu ya ukuta na mwuaji wake amepiga magoti mbele yako, mikono juu, amejisalimisha. Hapo vunja. Sema kwanza, kabla ya kushika dadu: "Najua nimeapa. Namuua." Sentensi hiyo inamnyang'anya mwendesha mchezo mtego wake, kwa sababu hukunaswa, umeingia kwa miguu yako.

Usibishane. Usifungue kitabu kutafuta upenyo. Ujanja wote niliokupa ni wa kabla ya tendo, baada ya tendo hauna kazi. Chukua kifutio wewe mwenyewe, ufute nguvu zako kwenye karatasi mbele ya wenzako, moja baada ya nyingine: pigo takatifu, kuwekea mikono, kinga ya wenzako. Mwenzako mwenye pointi tatu za uhai akiona ile ya mwisho inafutika, ataelewa ulichokilipa.

Wala usikimbilie kutunga mhusika mpya. Katika riwaya za Dragonlance, Lord Soth alikuwa amepewa nafasi ya kuzuia maangamizi ya dunia, akageuza farasi njiani kwa kumwonea mkewe wivu, na maangamizi yakaja. Wasomaji wanamkumbuka kuliko mashujaa kadhaa waliotimiza kila walichotumwa. Baki na mtu wako. Mcheze akiwa mpiganaji mtupu kwa vikao vichache, na amzike mdogo wake. Halafu mfuate mwendesha mchezo tena peke yake, kama mwanzo, umwombe kazi ya toba. Omba iwe ngumu, na omba isiweze kukamilika bila mwizi, mchawi na mpiga mishale, ili jioni hizo ziwe za kundi zima na si tamthilia yako wewe ambayo wengine wanaitazama huku wakingoja zamu zao.